Usaha umekauka lakini tone la asubuhi limebaki: nirudi kwa mke wangu hivi?

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi ujenzi, miaka 31. Kazi zangu ziko Dodoma mjini, mke wangu yuko nyumbani Kondoa na ana mimba ya miezi saba. Wiki tano zilizopita nilikutana kimwili na mwanamke mmoja hapa mjini. Kondomu tulianza nayo, ikapasuka, hatukuvaa nyingine. Siku ya nne nikaamka nguo ya ndani ina madoa ya njano, na haja ndogo inachoma mpaka natokwa jasho. Nikaenda duka la dawa, nikaeleza kwa mkato kwa sababu kulikuwa na watu, nikapewa vidonge vya rangi mbili vya siku tano. Siku ya tatu usaha ukakauka, nikaacha vidonge.

Baada ya hapo nilikwenda nyumbani wikiendi moja nikalala na mke wangu kama kawaida, maana nilijiona nimepona. Sasa yapata siku kumi, kila asubuhi naona tone moja la ute mweupe mwepesi, tundu la uume limegandana, na ndani ya njia ya mkojo panawasha. Mchana hakuna kitu. Huwa najikamua mara kwa mara kuangalia kama bado upo. Kazini mmoja anasema ni masalia yanajisafisha, mwingine anasema ni ngiri, mwingine ananiambia ni UTI ya vyoo vya saiti. Ijumaa ijayo narudi Kondoa. Mke wangu hana dalili yoyote. Ninunue dawa gani? Na je, inawezekana yeye ndiye mwenye ugonjwa?

Fundi, Dodoma

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Usinunue dawa yoyote. Nenda kituo cha afya au hospitali kesho asubuhi, kabla ya Ijumaa, na uende na pakiti ya vile vidonge kama bado unayo. Ulichonacho ni maambukizi ambayo hayajatibiwa yakaisha. Mke wako naye anatakiwa kutibiwa wiki hii hii, hata kama hana dalili, kwa sababu ya mimba hiyo ya miezi saba.

Tuanze na kilichotokea. Usaha wa njano unaotoka siku ya nne baada ya kujamiiana bila kinga, pamoja na kuchoma kukojoa, kwa kawaida ni kisonono. Bakteria wake hujitokeza haraka, mara nyingi kati ya siku 2 na 7. Lakini kisonono mara nyingi hakiji peke yake, huja na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ambayo huchukua wiki moja hadi tatu kujionyesha na ikijionyesha huleta ute mchache, mwepesi, mweupe au usio na rangi, unaoonekana asubuhi kabla ya kukojoa. Mchana huuoni kwa sababu kila ukienda haja ndogo mkojo unausukuma nje. Hilo ndilo tone lako.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, vidonge viliua kisonono na kuiacha klamidia, ambayo huishi ndani ya seli za mwili, hukua polepole, na haikuweza kuisha kwa siku tatu za vidonge vya kubahatisha. La pili, vidonge viliwapunguza tu bakteria wa kisonono, wale sugu wakabaki, na sasa wako wachache kiasi cha kutotoa usaha mwingi. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha haya mawili, hata daktari mzoefu. Usaha ukikauka maana yake ni kwamba bakteria wamepungua. Kupona ni jambo jingine.

Rangi mbili si jina la dawa. Tetrasaiklini, amoksilini, ampisilini iliyochanganywa na kloksasilini, zote unaweza kuzikuta kwenye kapsuli za rangi mbili. Kisonono kilishazizoea dawa za jamii ya penisilini na tetrasaiklini miaka mingi iliyopita. Siprofloksasini nayo, ile ambayo watu wengi bado wanaiulizia dukani kwa jina la sipro, Shirika la Afya Duniani liliiondoa kwenye matibabu linayopendekeza ya kisonono mwaka 2016 kwa sababu usugu umeenea mno. Ndiyo maana namwomba kila anayesoma hapa asiombe dawa ya gono kwa jina. Ukiitaja dawa, muuzaji atakupa ile uliyoitaja.

Sasa maneno ya wenzako. Ngiri, kwa maana ya utumbo kusukumwa kwenye kinena, huleta uvimbe unaojitokeza ukikohoa au kunyanyua mzigo, haileti ute kwenye njia ya mkojo. Vyoo vya saiti navyo viache: bakteria hawa hufa haraka wakishakauka nje ya mwili, na njia yao ni kujamiiana kwa uke, mdomo au njia ya haja kubwa. Hilo la UTI linanisumbua zaidi, kwa sababu vijana wengi hutibiwa UTI miezi na miezi huku wana klamidia. Mwanamume wa umri wako, asiye na mawe ya figo, asiyewekewa mpira wa mkojo, ni nadra kupata UTI ya kawaida. Ukiambiwa una UTI na una ute unaotoka, sema waziwazi: “Naomba nipimwe magonjwa ya zinaa.”

Na acha kujikamua. Kila unapobana uume kutoka shinani kuja mbele unaichubua njia ya mkojo, na njia iliyochubuka hutoa ute hata pasipo na mdudu. Wapo wanaume waliokwisha kupona kabisa ambao ute wao hauishi kwa sababu hiyo tu. Sabuni kali, maji ya chumvi na dawa za kusafishia vidonda ndani ya tundu hufanya vivyo hivyo. Maji safi ya kuogea nje yanatosha.

Niwageukie kidogo wasomaji wengine, kwa sababu si kila kinachotoka ni ugonjwa. Ute mwepesi, unaovutika, usio na rangi, unaotoka ukisisimka kimapenzi ni wa kawaida. Shahawa kutoka usingizini ni kawaida. Wengine huona ute kidogo wakijikaza chooni wakati choo ni kigumu, na kama hakuna maumivu wala kuchoma, huo hutokana na tezi dume kubanwa. Kwa wasiotahiriwa, utando mweupe mzito chini ya govi huoshwa kwa maji kila siku ukaisha. Ukirudi haraka pamoja na wekundu, vipele na muwasho, huenda ni fangasi, na mwanamume anayepata fangasi za uume tena na tena anapaswa kupimwa sukari. Kutofautisha ni rahisi: futa kichwa cha uume kwa tishu safi, subiri saa moja hivi bila kukojoa, kisha angalia bila kukamua. Kama unyevu unatoka ndani ya tundu, ni njia ya mkojo. Kama uko juu ya ngozi tu, tatizo liko kwenye ngozi. Na anayeona damu mwisho wa kukojoa, au kwenye shahawa, hasa kama ameoga au kuvua kwenye mito, mabwawa au pembezoni mwa Ziwa Victoria, aombe pia kipimo cha kichocho.

Turudi kwako. Kesho asubuhi usikojoe kabla ya kwenda, au ukishindwa, kaa angalau saa mbili bila kukojoa kabla ya kipimo. Mkojo ukipita umeosha kile kinachotafutwa. Mhudumu atakuuliza ilianza lini, umelala na wangapi ndani ya miezi mitatu, kondomu ilikuwepo au la, umetumia dawa gani kwa siku ngapi, una mzio wa dawa yoyote. Mjibu ukweli wote, pamoja na kama kulikuwa na ngono ya mdomo au ya nyuma, maana koo na njia ya haja kubwa hubeba kisonono bila dalili na hupimwa kwa namna yake. Kisha atakukagua: tundu la uume, chini ya govi kama lipo, korodani moja moja, na mitoki ya kinena.

Kama ute unaonekana, huchukuliwa kwa pamba nyembamba na kupakwa kwenye kioo. Maabara wakiutia rangi na kuuangalia kwa darubini huhesabu chembe za usaha na kutafuta bakteria wawiliwawili, walioegemeana kama punje mbili za kahawa, ndani ya chembe hizo. Kwa mwanamume mwenye usaha kipimo hiki cha bei nafuu hukikamata kisonono karibu kila mara. Klamidia hakiioni. Hiyo huhitaji kipimo cha vinasaba, ambacho hospitali kadhaa kubwa zinacho na vituo vingi havina. Kwa kipimo cha vinasaba hutolewa mkojo, na hapa watu wengi hukosea kwa sababu wamezoea kipimo cha UTI: usimwage mkojo wa kwanza. Unaotakiwa ni ule ule wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30, kama vijiko viwili vya chakula. Ukijaza kopo lote umeuzimua, na ukikinga wa katikati umewamwaga wadudu chooni. Usijifute kwa dawa kabla.

Pasipo na vipimo hivyo, usishangae wala usikasirike mhudumu akikutibu kwa dalili tu. Ndivyo mwongozo unavyoelekeza kwa ute wa njia ya mkojo: kutibu kisonono na klamidia kwa pamoja, siku hiyo hiyo, kuliko kumrudisha mgonjwa nyumbani akisubiri majibu huku anaambukiza. Kwa kawaida utachomwa sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli wa tako. Ni dawa ya unga inayochanganywa na ganzi kwa sababu inauma, hivyo sema kama umewahi kudhurika na ganzi ya meno. Dozi anapanga mhudumu. Miongozo mingi ya sasa imeipandisha kutoka miligramu 250 za zamani. Kaa hapo kituoni nusu saa baada ya sindano, ili ukipata mzio upate msaada.

Kwa klamidia utapewa doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 7, yaani vidonge 14. Vimeze na glasi nzima ya maji ukiwa umesimama au umeketi, na usilale kwa nusu saa, kwa sababu kidonge hiki kikinasa kooni huunguza na kuacha kidonda. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia huizuia isiingie mwilini, viachanishe kwa saa mbili au zaidi. Na kwa kuwa unashinda juani: doksisaiklini huifanya ngozi iungue kwa jua kirahisi, vaa shati la mikono mirefu na kofia wiki hiyo yote. Ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka, lakini usimeze viwili kwa mpigo. Siku ya tatu utajisikia umepona kabisa, kama ulivyojisikia mara ya kwanza. Endelea mpaka cha 14.

Hakuna ngono ya aina yoyote mpaka umalize siku 7 na mke wako naye awe amemaliza siku 7 tangu atibiwe, hesabu kwa yule aliyechelewa. Ikipita wiki na ute bado upo, rudi palepale. Swali la kwanza litakuwa kama umejamiiana tena na mtu asiyetibiwa, maana hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Kama hukujamiiana, huangaliwa vijidudu vingine vya zinaa: trikomona, ambayo hutibiwa kwa metronidazoli, na maikoplasma, ambayo ina dawa zake. Kama kisonono ndicho kilichobaki, ute huoteshwa maabara kwa siku mbili tatu kujua ni dawa ipi bado inakiua.

Mke wako. Wanawake wengi wenye klamidia, na wengi wenye kisonono, hawana dalili hata moja, kwa hiyo kutokuwa na dalili kwake hakukupi uhakika wowote. Unauliza kama yeye ndiye mwenye ugonjwa. Klamidia huweza kukaa kimya miezi mingi, hivyo hakuna kipimo kitakachosema nani alianza. Lakini usaha siku ya nne baada ya kondomu kupasuka unaonyesha wazi ulikotoka, na ulilala naye nyumbani wakati bado umebeba wadudu. Usimtwishe hilo.

Kwenye mimba maambukizi haya huweza kupasua chupa ya uzazi mapema na kuleta uchungu kabla ya wakati. Mtoto akipita kwenye njia iliyoambukizwa hupata usaha wa macho unaoweza kumpofusha, na klamidia humletea pia nimonia wiki chache baadaye. Matibabu yapo na ni salama kwa mjamzito: sindano ile ile ya seftriaksoni, na kwa klamidia azithromaisini gramu 1 kwa mara moja. Doksisaiklini hapewi mjamzito wa miezi hiyo, huathiri meno na mifupa ya mtoto. Ndiyo maana nakukataza kwa nguvu zote kumgawia vidonge vyako au kumtilia kwenye chakula bila kumwambia. Wapo wanaofanya hivyo kukwepa aibu, na anayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo Ijumaa nenda Kondoa. Mwambie kabla hamjalala, mkiwa wawili, kwa maneno mafupi: “Mke wangu, nina ugonjwa wa zinaa, kosa ni langu, nimeshaanza dawa. Wewe na mtoto mnatakiwa kutibiwa sasa, tusisubiri dalili. Kesho twende wote kliniki.” Atakasirika, na ana haki. Msindikize kliniki ya wajawazito na kadi yake, mhudumu wa pale anajua namna ya kuzungumza na wote wawili. Ukishindwa kabisa kutamka, kituo ulikotibiwa huweza kukupa karatasi ya kumwalika mwenza, yeye akaipeleka kliniki. Mwanamke wa Dodoma naye anahitaji kujulishwa, kwa simu inatosha: “Nimekutwa na maambukizi, kapime na utibiwe.” Asipotibiwa, anaweza kuishia na mirija ya uzazi iliyoziba, mimba kutunga nje ya kizazi, au kukosa mtoto.

Kisha VVU. Njia ya mkojo iliyovimba huongeza sana hatari. Utafiti uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa wanaume wenye VVU na ute wa njia ya mkojo walikuwa na virusi mara nane zaidi kwenye shahawa kuliko wenye VVU wasio na ute, na vilipungua walipotibiwa. Kwetu hapa, utafiti wa vijiji vya Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulikuta kwamba pale zahanati na vituo vya afya vilipoboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Sindano moja ya zahanati ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanza ndani ya saa 72, kwako muda huo umepita, lakini msomaji ambaye kondomu yake imepasuka jana bado anao, akimbie leo. Wewe pima VVU na kaswende kesho, na urudie VVU itakapotimia miezi mitatu tangu siku ile. Mpaka upate jibu hilo la pili, tumia kondomu na mke wako hata baada ya wote kumaliza dawa, kwa sababu mama anayeambukizwa VVU akiwa mjamzito au akinyonyesha huwa na virusi vingi sana mwilini na humwambukiza mtoto kirahisi. Yeye naye apimwe sasa, na tena kabla ya kujifungua.

Usisubiri miadi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, mchana au usiku, ukipata lolote kati ya haya: korodani kuuma ghafla na vibaya (inaweza kuwa imejisokota, na baada ya saa 6 hivi huwa vigumu kuiokoa), korodani kuvimba taratibu na kuwa ya moto, homa pamoja na viungo kuvimba au vipele vyenye usaha, jicho kuwa jekundu na kutoa usaha, au mkojo kukataa kutoka. Anayeona miaka kadhaa baada ya kisonono kwamba mkojo umekuwa mwembamba au unagawanyika, huyo njia yake imepata kovu. Aende kwa daktari wa mfumo wa mkojo kabla haujaziba.

Wewe rudi kupima tena baada ya miezi mitatu hata kama huna dalili, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida. Mke wako, kama kipimo cha vinasaba kinapatikana, arudie wiki 4 baada ya dawa. Akipimwa mapema kuliko hapo kipimo huweza kunasa mabaki ya wadudu waliokufa. Siku ya kujifungua amkumbushe mkunga kuhusu matibabu haya na ahakikishe mtoto anapakwa dawa ya macho, kwa kawaida mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, mara baada ya kuzaliwa. Na kama macho ya mtoto yatavimba na kutoa usaha ndani ya wiki mbili za mwanzo, msimkamulie maziwa ya mama machoni wala kununua dawa ya matone. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.